Wasichana Tuliishia Roma

Siwezi kukaa na kitabu cha historia mbele yangu nikatulia. Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani kwangu Olasiti, nasubiri boza la maji ambalo dereva wake alikuwa ananiambia "nimeshafika, mama" tangu asubuhi, na binti yangu alikuwa mezani anajisomea kwa sauti. Akasoma kwamba ustaarabu wa kale ulianza kando ya mito mikubwa, akaitaja yote, Nile, Hidekeli, Frati, Indus, na Mto Manjano wa Uchina. Alisoma kama mtu anayesoma risiti. Akafunga kitabu, akauliza kuna nini cha kula. Mimi nikainuka. Nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda getini kuchungulia boza, nikarudi tena.

"Mama, umeanza," akasema.

Ananijua. Jambo likinigusa natembea nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikamwambia kesho baada ya ibada tunapanda kijijini kwa bibi yangu. Akasema, lakini bibi yako si alishafariki? Nikamwambia avae viatu vya kufunga.

Wewe rafiki yangu, kama hukulelewa kwenye mteremko wa Meru, ngoja nikueleze kwanza habari za mfereji, maana bila huo hakuna hadithi. Kijiji chetu kiko juu ya Tengeru, huko ambako kahawa inakaa chini ya migomba na jua linafika ardhini kwa vipande vipande. Mto ulipita bondeni, mbali, lakini wazee wa zamani walikuwa wamepanda hadi msituni wakapanga mawe, magogo na udongo katikati ya mto, wakauibia maji yake kidogo. Mahali hapo tulipaita banioni. Kutoka banioni maji yalishuka kwa mfereji wa kuchimbwa kwa jembe, yakapita nyuma ya majiko ya watu, chini ya miparachichi, kando ya kanisa, mpaka kule chini kwenye barabara ya lami. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Yetu ilikuwa Alhamisi, tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Bibi alifungua kwa kung'oa kigogo cha mgomba na kukisogeza pembeni, na mimi nilisikia maji yakibadilisha sauti kabla hata hayajafika shambani. Mpaka leo nikilala nyumba yenye bomba linalovuja sikereki kama wenzangu. Nalala fofofo.

Nililelewa na bibi. Baba alikuwa Mererani akichimba tanzanite, lile jiwe la bluu, na mama alikuwa amemfuata huko ili asife njaa. Babu alikuwa amezikwa chini ya migomba kabla sijazaliwa. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya wanawake wawili, mmoja mzee na mmoja bado mtoto, na mbuzi. Kazi zangu zilikuwa kukata majani ya ng'ombe wa bibi, kuchuma kahawa msimu ukifika, na kukoroga loshoro, ule uji wetu mzito wa mahindi na maziwa ya mgando, huku bibi akiniambia nakoroga kama mtu anayefukuzwa. Nilikuwa hivi hivi tangu zamani.

Sasa mwalimu. Mwalimu wetu wa historia alikuwa mtu wa kusini, mrefu, mwenye koti moja, aliyeletwa kwetu na serikali akakuta baridi hajawahi kuiona. Ramani ya dunia ya shule ilikuwa imeliwa na mchwa kuanzia Australia mpaka karibu na India. Mwalimu akaitazama, akaikunja, akasema haina haja. Akatutoa nje akatupeleka kwenye mfereji. Akasema, "Hii ndiyo historia ya dunia. Inatoka juu inakwenda chini, na haijawahi kurudi nyuma."

Aliigawa njia yote. Banioni, mwanzo kabisa, ilikuwa Sumeri na Misri. Kwenye mti mkubwa wa mringaringa chini yake kidogo ilikuwa Uyunani. Kwenye daraja la magogo, Roma. Kwenye shamba la mahindi la usharika, nyuma ya kanisa, zilikaa karne za kati, yaani Waarabu na hesabu zao, Mali na dhahabu yake, Kilwa na majumba yake ya mawe. Uchina aliiweka ng'ambo ya mfereji, ikishuka sambamba nasi toka juu mpaka chini, kwa sababu, alisema, Wachina hawakumngoja mtu awaambie wameanza. Palikuwa na kona moja yenye kivuli na baridi ambapo alitueleza biashara ya utumwa, na hapo hakuruhusu mtu kula mua. Mashine ya kumenyea kahawa ilikuwa Mapinduzi ya Viwanda. Alitusimamisha kando yake ikinguruma, akapiga kelele tusisikie kitu, kisha akasema ndivyo ilivyokuwa. Josho la ng'ombe lilikuwa vita vikuu viwili. Barabara ya lami ilikuwa uhuru. Ng'ambo ya lami, ambako maji yaliishia kwenye vumbi, alipaita kesho, na hakuwahi kutuvusha. Alisema huko tutakwenda wenyewe.

Utacheka, lakini mimi nilifaulu mtihani wa historia kwa miguu. Nikiulizwa swali nilifumba macho nikatembea. Choo cha bibi yangu kilikuwa jirani na Kilwa, jambo ambalo bibi hakulipenda hata kidogo aliposikia. Akasema ulimwengu ulianzia Edeni, si kwenye banio la hawa wazee walevi. Mwalimu alipokuja kunywa chai akamwambia kwa adabu, "Bibi, hata Edeni, Biblia inasema mto ulitoka ukagawanyika ukawa vichwa vinne. Huo si mfereji?" Bibi akaniambia nimletee mwalimu loshoro, na ile ya kibuyu kizuri.

Lakini kulikuwa na tatizo, na tatizo hilo ndilo lililonikosesha usingizi mwaka mzima. Wanawake hawakupanda banioni. Ilikuwa mila. Ilisemwa mwanamke akikanyaga pale maji yanakasirika, yanapungua au yanahama. Mwalimu alipofika mara ya kwanza alitaka kutupandisha sote, wazee wakamwita pembeni, na kwa kuwa alikuwa mgeni akakubali. Basi kila tulipokwenda kwenye historia, wasichana tuliachwa darajani. Wavulana walipanda wakaona Uyunani, wakaona Misri, sisi tukakaa Roma tukitupa majani majini. Walirudi na tope magotini na maringo. Mmoja alituapia kwamba wameona mamba. Mwalimu alitueleza kwa mdomo yote waliyofundishwa huko, kwa haki kabisa, neno kwa neno. Lakini mimi sikutaka kuelezwa. Nilijua Roma ilivyoanguka na sikujua ilisimama juu ya nini. Nilimuuliza bibi kwa nini. Akaniambia, "Kwa sababu." Nikamuuliza tena. Akaniambia nikakate majani.

Kila masika mafuriko yalibomoa banio, na mvua zikikatika msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ulipigwa. Mzee wa mfereji alipita nyumba kwa nyumba kutangaza siku, na kila nyumba ilitoa mwanaume mmoja akapande kulijenga upya. Nyumba isiyotoa mtu ilinyang'anywa zamu mpaka msimu mwingine. Hapakuwa na mjadala. "Asiyekuwepo na lake halipo," mzee wa mfereji alisema, na alikuwa akisema hivyo hata kwa ndugu zake wa damu. Sisi tulikuwa hatuna mwanaume, lakini jirani yetu wa juu alikuwa nao wengi, na kila mwaka alimtoa mmoja wa wanawe asimame kwa niaba ya nyumba yetu. Bibi naye alimpa majani ya migomba na mkungu wa ndizi mshare. Hivyo tukaishi.

Mwaka ule nilipokuwa darasa la sita, jirani alianza kulima nyanya za kupeleka soko la Kilombero, Arusha mjini. Nyanya zinakunywa maji, rafiki yangu, zinakunywa kuliko ng'ombe. Siku chache kabla ya msaragambo alikuja, akasimama uani, kofia mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Sikai mama, nina haraka. Nimekuja kukuambia mwaka huu wanangu wana kazi. Kila mtu abebe msalaba wake."

Bibi aliendelea kupepeta maharage. Aliuliza, "Na Alhamisi yangu ataichukua nani?"

Jirani akatazama kofia. "Wazee wataamua," akasema. Na sote watatu tulijua wazee wangeamua nini, kwa kuwa shamba lake, lililo juu yetu, ndilo linalofuata kwa zamu.

Bila Alhamisi hakuna migomba, na bila migomba hakuna chakula wala majani ya ng'ombe, na ng'ombe ndiye aliyekuwa akinisomesha. Nilizunguka nyumba siku ile mpaka bibi akaniambia nitamchimbia shimo sakafuni. Nilimwambia tumtumie baba ujumbe. Akasema baba yako yuko chini ya ardhi, ujumbe utamfikaje. Nilimwambia tumwombe mwalimu asimame kwa ajili yetu. Akaenda kweli, nilimfuata. Mwalimu alisikiliza, akasikitika, akasema angekubali mara moja, lakini yeye hana nyumba wala shamba hapo kijijini, wazee watamhesabu kama mbuzi aliyepita njia. Bibi akamshukuru.

Asubuhi ya msaragambo aliniamsha mapema. Alikuwa amevaa koti la marehemu babu, kanga imefungwa kiunoni kwa nguvu, jembe begani. Akanipa panga. Nilidhani tunakwenda kumlilia mzee wa mfereji darajani, mbele ya watu, na aibu ikanipanda mpaka masikioni.

Darajani palijaa. Wanaume na majembe yao, darasa letu zima na mwalimu na koti lake, kwa sababu siku hiyo alipenda wavulana waone kazi kwa macho, na wazee walipenda mikono ya bure. Wasichana walikuwa wameshakaa Roma. Bibi aliwapita. Aliweka mguu juu ya gogo la kwanza la daraja, na mazungumzo yote yakakatika.

"Mama," jirani akasema, taratibu, "unajua mila. Mwacha mila ni mtumwa."

"Sijaiacha," bibi akasema. "Nyumba yangu imekuja kazini. Mila inamkataza nani kupanda?"

Mzee wa mfereji akajibu yeye. "Mwanamke."

"Mwanamke yupi? Semeni vizuri, wazee. Hapa kuna watoto wanafundishwa."

Mzee akakohoa. Akatazama wenzake. "Mwanamke anayezaa," akasema. "Ndivyo tulivyoambiwa na baba zetu. Damu ya uzazi na maji ya banio havikutani."

"Vizuri. Hata mimi niliambiwa hivyo hivyo." Bibi akanishika mkono. "Mimi niliacha kuzaa wewe jirani hujaota hata ndevu. Na huyu bado hajaanza. Kati yetu wawili, huyo anayezaa yuko wapi?"

Mzee mmoja kule nyuma akacheka, kicheko cha puani, na cha pili kikafuata. Jirani hakucheka. Mzee wa mfereji aliitazama mikono ya bibi iliyoshika jembe, akatema mate pembeni, akasema, "Nyumba imetoa watu. Wapite." Mwalimu alikuwa ameinamisha uso, nadhani alikuwa akizuia tabasamu. Mimi nilikuwa nimeshavuka daraja.

Nataka nikueleze banio kama lilivyokuwa, na hapa ndipo ninapojikasirikia, kwa kuwa nilikwenda mbio mno. Nakumbuka upupu na viwavi vya njiani, na mbega weupe kwa weusi wakitutazama bila heshima. Nakumbuka mringaringa, nikauambia kimoyomoyo, wewe ni Uyunani. Nakumbuka ubaridi, na mto ulioguna badala ya kuimba. Banio lenyewe lilikuwa rundo la mawe yaliyosambaratishwa na mafuriko. Nilikuwa nimetegemea kitu. Sijui nguzo, sijui mamba. Palikuwa na mawe, tope na wanaume waliokunja suruali.

Kabla ya kazi mzee wa mfereji alitoa kibuyu, akageuka kuangalia kama mwinjilisti yupo, maana yeye mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, kisha akamwaga maziwa kidogo majini. Ndipo mwalimu akatukusanya kwenye jiwe bapa. Hakusema mengi. Alisema, "Mnafikiri dunia ya kale ilianza na wafalme. Hapana. Kabla ya mfalme, kabla ya jeshi, kabla mtu hajachora herufi ya kwanza kwenye udongo wa mfinyanzi, watu walikaa mahali kama hapa, wakaulizana zamu ya nani. Walipopata jibu wakajenga mji. Walipogombana juu ya jibu wakaweka mfalme. Yaliyobaki yote mtayakuta njiani mkishuka."

Wavulana walishasikia hayo mwaka uliopita, walikuwa wakirushiana tope. Mimi niliyameza. Nilimtazama jirani yetu, akiwa ndani ya maji mpaka mapajani na jiwe kifuani, nikamwona kabisa, mtu wa Sumeri. Halafu bibi akaniita nisishangae. Tukabeba mawe. Tukaleta vigogo vya migomba, tukakanyaga udongo, tukajaza majani katikati ya mawe. Vidole vyangu vilikufa ganzi. Maji yalipopanda na kuanza kuingia kwenye mfereji kwa ulimi mwembamba, wanaume walipiga mbinja, na bibi yangu, mke wa marehemu, mwenye koti kubwa kuliko yeye, akapiga kigelegele. Naamini ndicho kigelegele cha kwanza kupigwa banioni. Mzee wa mfereji akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Alhamisi ni yake."

Kama hadithi ingeishia hapo ningekuwa mtu mtulivu leo.

Vuli ile haikunyesha. Mawingu yalikuja yakakaa juu ya mlima, yakaondoka. Mto ukapungua, mfereji ukawa uzi. Bibi alifungua Alhamisi yake kama kawaida na maji yalifika migomba ya kwanza tu, ya pili ikatazama. Nyanya za jirani zilikauka zikiwa kijani. Na maneno yakaanza, kwanza kisimani, halafu kwenye mashine ya kahawa, halafu nje ya kanisa. Si mnakumbuka nani alipanda. Si tulisema. Wapo walioacha kuniita kwa jina shuleni wakaniita "ukame". Nilipigana, nilipigana sana mwaka ule, nilipoteza jino.

Jumapili moja watu wakitoka ibadani, bibi alisimama ngazini akiwa na kitabu chake cha nyimbo kwapani. Hakupaza sauti. "Nimesikia maji yamenikasirikia," akasema. "Sawa. Lakini Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, nako kumekauka, ng'ombe wanakufa. Kule nako nilikanyaga? Na miguu hii?" Akainua kidogo ncha ya gauni, tukaiona miguu yake iliyovimba. Wengine walicheka, wengine wakatazama chini. Mimi nilitaka kulia na kupiga makofi kwa pamoja.

Mwalimu ndiye aliyelipia. Wazazi fulani walikwenda kwa wakubwa, wakasema mgeni anafundisha watoto kudharau mila. Barua ya uhamisho ikaja. Siku ya mwisho alitutembeza sote mfereji, mkavu, kuanzia darajani mpaka chini, hatukulowa hata kisigino, na kila kituo alisema jambo moja tu. Roma, walipopatwa na tauni, waliwalaumu Wakristo. Karne za kati, Ulaya, waliwalaumu Wayahudi na vikongwe. Akashuka nasi hivyo hivyo mpaka joshoni, kwenye vita vikuu, na pale sauti ikamkatika akaruka sehemu. "Mambo yakiharibika," akasema, "watu hutafuta wa kumlaumu kwanza. Sababu hutafutwa baadaye, na mara nyingi anayeitafuta huwa mwanafunzi." Kesho yake pikapu ilimchukua na godoro lake na masanduku, ikampeleka huko huko Oldonyo Sambu, ambako hakukuwa na mfereji. Sijui huko alifundishia wapi historia ya dunia. Nimeuliza mara nyingi. Sijampata.

Masika ilikuja kubwa. Hakuna aliyesema samahani, si kwa bibi, si kwangu. Watu walianza tu kutusalimia tena, kama kawaida, kama vile tulikuwa safarini. Jirani alimtuma mwanawe asimame kwa niaba ya nyumba yetu bila kuombwa, akaleta na nyanya. Bibi alizipokea. Nilimwuliza kwa nini amezipokea. "Kwa sababu ni nyanya," akasema. Na mimi mwaka huo nilikuwa nimevunja ungo, hata hoja ya bibi isingenivusha tena. Nikakaa Roma na wenzangu. Nilikuwa naangalia juu njiani mpaka shingo ikauma.

Basi Jumapili tulipanda, binti yangu na mimi. Shamba la bibi lina nyumba tatu za tofali na ukuta. Baba zangu wadogo, ambao enzi za bibi walikuwa wameshahamia mbali, waliuza, sikuulizwa. Mashine ya kahawa ni duka la pembejeo. Mfereji ni mtaro wenye chupa za plastiki na kandambili moja, na penye daraja la magogo kuna kalavati. Nilimwonyesha binti yangu, nikamwambia hapa ndipo sisi wasichana tulipoishia. "Kwa nini?" akauliza. Nikaanza kumweleza kuanzia mbali, kama kawaida yangu, na nilipoinua macho alikuwa ameshavuka, ananingoja ng'ambo, anafukuza kipepeo.

Jirani yetu wa juu bado yu hai. Tulimkuta kwenye benchi nje ya nyumba yake, macho yana ukungu, mkongojo katikati ya magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia bibi. Akasema, "Yule wa banioni." Akanishika mkono, hakuuachia. Akanieleza kwamba maji ya bomba yanakuja yanapotaka, na vijana wa kijiji sasa wanataka kuufufua mfereji kwa ajili ya parachichi. Mwenyekiti wa kitongoji amemwomba aonyeshe banio la zamani lilipokuwa, lakini miguu haipandi tena. Wenzake wote wameshazikwa, na wavulana wa darasa letu wametawanyika mijini. "Tulipanda wengi siku ile," akasema. "Umebaki wewe, mwanangu. Nenda ukawaonyeshe."

Nilikwenda mbio. Vijana watatu na mapanga, binti yangu, na mimi mbele yao wote, mwanamke wa makamo anayehema, nikijiambia leo naingia Misri bila kuomba ruhusa ya mtu. Mringaringa haupo. Njia imezibwa na miti ya mbao. Tulifika mtoni. Mto umesogea, umekuwa mwembamba, una mawe kila mahali, na mawe yote yanafanana. Nilisimama mahali nikasema ni hapa. Nikaenda juu kidogo nikasema hapana, ni hapa. Nililitafuta lile jiwe bapa, nikayapata mengi. Vijana walinifuata kwa adabu, halafu adabu ikaanza kuwachosha. Binti yangu akaniuliza, "Mama, kwani ulikuja mara ngapi?"

Mara moja. Nilikuja mara moja, nikiwa mtoto, na muda mwingi nilikuwa nikitazama vidole vyangu.

Tuliposhuka mzee alikuwa bado benchini, uso ameuelekeza njiani. Akauliza kama tumepaona. Nikamwambia, "Sijapatambua, baba. Nisamehe."

Alitikisa kichwa pole pole. "Wanangu niliwapandisha kila mwaka," akasema. "Mmoja yuko Dar, mmoja Oman, mmoja Mererani. Nikiwapigia simu kuwauliza wananiambia, baba, si pale pale tu. Pale pale wapi? Hawajui. Walikuwa wanacheza." Alisugua magoti yake. "Wewe ungejua. Ulikuwa na macho, nilikuona siku ile ulivyokuwa unatazama. Ungepanda kila mwaka, leo ungejua. Tungewaacha mpande wote."

Neno hilo nimelingoja tangu nilipoitwa ukame. Nilidhani siku nikilisikia nitafurahi, au walau nitapata la kumtupia usoni. Nilimtazama, mzee aliyeshikilia mkono wangu, ambaye alikuwa amepoteza maji yake kama bibi alivyokaribia kupoteza yake. Vijana walikuwa wanafuta mapanga kwenye majani, wanaulizana waanzie wapi sasa, na hapakuwa na mtu wa kuwajibu.

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Mngetuacha."